Kutoka Lancaster hadi Liverpool: Kuyatazama Majengo ya Sharpe, Paley na Austin

Jumatatu, Lancaster

Kituo cha reli cha Lancaster, mji wa kaskazini magharibi mwa Uingereza, kiko chini kidogo ya kilima cha ngome, na kwa msafiri aliyekuja kwa ajili ya jambo nililolijia mimi, hilo ni jema, kwa sababu ofisi ya wasanifu majengo niliyoifuata ilikuwa juu ya kilima hichohicho, katika mtaa wa Castle Hill. Nilipanda kwa miguu mvua nyembamba ikinyesha, nikasimama nje ya nyumba za mawe zilizopangana pale, nikawafikiria vijana wa zamani waliokuwa wakiingia humo kila asubuhi kuchora ramani. Ofisi hiyo ilianzishwa na Edmund Sharpe mwaka 1835, na kazi yake ikaendelea mikononi mwa warithi wake hadi 1946. Kwa muda wote huo, zaidi ya karne moja, haikuhamia London wala haikuhitaji kufanya hivyo.

Mimi ni msanifu majengo, na nafanya kazi Mwanza. Katika fani yetu tumezoea kuamini kwamba kazi kubwa hufanyika katika mji mkuu na kwamba mikoani hubaki mabaki. Nimekuja Lancashire, kaunti ya mji huu, kwa sababu ofisi hii inaipinga imani hiyo kwa ushahidi wa mawe. Hoja nitakayoibeba safari nzima ni hii: ubora wa Sharpe, Paley na Austin haukupatikana licha ya kukaa mkoani, bali ulitokana na kukaa huko.

Sharpe alizaliwa Knutsford mwaka 1809, akasoma Cambridge, kisha akapewa fedha za masomo ya kusafiri zilizomwezesha kutembea Ujerumani na Ufaransa akichunguza makanisa ya kale. Aliporudi hakutafuta nafasi katika ofisi ya mtu maarufu. Alifungua yake Lancaster. Mwaka 1838 alimchukua mwanafunzi mmoja, Edward Graham Paley, kijana wa miaka kumi na mitano, na mwaka 1845 akamfanya mshirika. Mwaka 1851 Sharpe aliacha usanifu, na mwaka huohuo Paley akamwoa Frances, dada wa Sharpe. Hivyo ofisi ikabaki ndani ya ukoo, kama zilivyobaki karakana nyingi za mafundi wa zamani.

Sharpe hakuwa mchoraji tu. Aliingia katika baraza la mji, akawa meya kati ya 1848 na 1849, na ndiye aliyeshikilia kwa nguvu suala la maji safi na mifereji ya maji taka katika mji ambao watu wake walikuwa wakifa kwa uchafu. Aliandika pia vitabu vya historia ya usanifu, na katika kimojawapo, cha mwaka 1851, aliyagawa majengo ya Uingereza katika vipindi saba kwa kuzitazama hasa sehemu zake zenyewe: matao, madirisha, nguzo. Nayataja haya kwa sababu huyu ndiye aliyeweka tabia ya ofisi: kupima kwanza, kusema baadaye.

Mchana nilivuka mji kwenda upande wa mashariki kulitazama kanisa la Mtakatifu Petro, ambalo tangu 1924 ni kanisa kuu la jimbo la Kikatoliki la Lancaster. Ni kazi ya Paley, ya miaka ya 1857 hadi 1859, wakati alipokuwa peke yake. Ncha ya mnara wake inapanda kiasi cha mita 73, na mtu akiwa upande wowote wa mji huiona. Paley mwenyewe alikuwa Mwanglikana, mjukuu wa mwanateolojia William Paley, na bado Wakatoliki wa mji, ambao sheria za nchi zilikuwa zimewabana kwa vizazi, walimkabidhi jengo lao kubwa kuliko yote. Nadhani jambo hilo linaeleza mengi kuhusu heshima aliyokuwa nayo mtaani kwake. Upande wa kaskazini kuna chumba cha ubatizo kilichoongezwa na ofisi hiyohiyo mwaka 1901, na nilikaa humo muda mrefu kuliko nilivyokaa katika ukumbi mkubwa. Ukumbi ni kazi ya mtu anayejua kanuni. Chumba cha ubatizo ni kazi ya watu waliokwisha kuzizoea kanuni kiasi cha kuweza kuzilegeza.

Jumanne, kusini mwa mji

Leo nilitembea tu, kwa kuwa majengo yote niliyoyataka yako kandokando ya barabara za kuelekea kusini.

Taasisi ya Storey, iliyojengwa kati ya 1887 na 1891, ililipiwa na Thomas Storey, tajiri wa viwanda vya vitambaa vya mafuta, kuadhimisha miaka hamsini ya Malkia Victoria katika kiti cha enzi. Ndani yake kulikuwa na maktaba, chumba cha kusomea, ukumbi wa mihadhara, maabara na shule ya sanaa. Hospitali ya mji, kwenye njia hiyohiyo, ni ya miaka ya 1893 hadi 1896. Majengo haya mawili nayapita upesi. Ni mazuri na yametunzwa, lakini thamani yake kwangu ni kuonyesha jinsi ofisi moja ilivyoweza kuuhudumia mji mzima: mgonjwa, mwanafunzi, msomaji wa magazeti, muumini.

Jengo lililonisimamisha ni lile lililojulikana kama Royal Albert, lililojengwa kati ya 1868 na 1873 kuwa makao ya watu wenye ulemavu wa akili kutoka kaunti za kaskazini. Ndilo moja ya majengo ya kwanza baada ya Hubert Austin kujiunga na Paley mwaka 1868. Austin alizaliwa mwaka 1841 katika kaunti ya Durham, na kabla ya kufika Lancaster alikuwa amefanya kazi London chini ya George Gilbert Scott, ambaye wakati huo alikuwa na ofisi kubwa kupita zote nchini. Aliondoka huko akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, akaja kukaa mkoani maisha yake yote.

Makao hayo yalifungwa mwaka 1996, na tangu mwaka huo jengo ni Jamea Al Kauthar, shule ya bweni ya Kiislamu ya wasichana. Kwa kuwa ni shule, sikuomba kuingia. Nilitazama kutoka barabarani, ambako mnara wa katikati unaonekana vizuri juu ya miti, na mabawa marefu yakienda kushoto na kulia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimsubiri binti yake karibu na lango, aliyeniambia kwamba wametoka Blackburn, alinijibu salamu yangu ya Kiislamu kwa furaha na kusema kwamba vyumba ni vikubwa na madirisha yanaleta mwanga mwingi. Paley na Austin walipanga mabawa hayo ili wakazi wapate hewa na jua, na sasa mpango huohuo unawafaa wasichana wanaosoma Kurani na hesabu. Jengo lililofikiriwa vyema kwa ajili ya mwili wa binadamu huweza kubadilisha kazi bila kubomolewa. Hilo nililisoma chuoni, lakini hapa nimeliona.

Jioni nilifika Scotforth, kwenye kanisa la Mtakatifu Paulo la miaka ya 1874 hadi 1876. Hili si la Paley wala Austin. Ni la Sharpe mzee, aliyekuwa ameacha kazi zaidi ya miaka ishirini, akarudi kuchora kanisa la matao ya duara kwa mtindo wa kabla ya Gothiki (ule wa matao yaliyochongoka juu), wakati ambapo hakuna aliyeutaka tena. Sehemu za mapambo zilifanywa kwa terakota, yaani udongo wa mfinyanzi uliokandamizwa katika kalibu na kuchomwa tanurini. Alikuwa amekwisha kutunukiwa medali ya dhahabu ya chama cha wasanifu wa Uingereza mwaka 1875, naye akafariki Milan mwaka 1877, mwaka mmoja baada ya kanisa kukamilika. Ukaidi wake huu wa terakota ulianza mbali, na kesho ninakwenda ulikoanzia.

Jumatano, Bolton

Nimefika Lever Bridge, pembezoni mwa Bolton, kwa miguu kutoka kituoni, nikipita bondeni ambako zamani kulikuwa na viwanda vya pamba na machimbo ya makaa. Kanisa la Mtakatifu Stefano na Mashahidi Wote lilijengwa kati ya 1842 na 1844. Ni kanisa la kwanza nchini Uingereza, katika zama hizi, kujengwa kwa terakota kuanzia ukuta hadi pambo.

Chanzo chake ni cha kifamilia na cha kijiolojia kwa pamoja. Mke wa Sharpe alikuwa Elizabeth Fletcher, na kaka yake, John Fletcher, alimiliki machimbo ya makaa ya Ladyshore karibu na hapa. Katika machimbo ya makaa ya mawe hupatikana pia tabaka za udongo unaovumilia moto, ambao wachimbaji wengi waliuona kama kero ya kuondolewa. Fletcher alikuwa ameanza kuuchoma udongo huo. Sharpe aliona kwamba, badala ya kumlipa mchongaji achonge ua moja la jiwe mara mia, mtu angeweza kulichonga mara moja, akatengeneza kalibu, na kulitoa tanurini mara mia kwa bei ndogo. Parokia ilikuwa maskini. Jiwe la kuchongwa lilikuwa ghali. Udongo ulikuwa chini ya miguu yao. Isipokuwa msingi na kifusi kilichojazwa katikati ya kuta, karibu kila kitu ni terakota, hata ncha za viti vya waumini.

Watu wa hapa waliliita kanisa la chungu, na jina hilo halikutolewa kwa dharau tu. Wakosoaji waliokuwa wakidai ukweli katika usanifu walilalamika kwamba pambo linalotoka katika kalibu ni la uongo, kwa kuwa hakuna mkono uliolichonga. Nimeusikia ubishi huo hadi leo, ukihusu matofali ya saruji na mapambo ya plasta, na upande wangu haujabadilika: uongo ni pale kitu kinapojifanya kingine. Nilipoyashika maua ya dirisha la upande wa kusini, niliona kwamba udongo uliochomwa umebaki na ukali wa kingo zake baada ya zaidi ya miaka 170, mahali ambapo mawe ya mchanga ya mtaa uleule yamelika kwa moshi wa viwanda na mvua. Mnara ndio haukubaki. Juu yake kulikuwa na ncha iliyotobolewatobolewa kwa ufundi mkubwa, na katika karne ya 20 ilionekana kuwa hatari, ikateremshwa, na mnara wenyewe baadaye. Kwa hiyo kanisa linaonekana leo kama jengo la chini lenye paa kali, na mtu asiyejua angepita bila kugeuza shingo.

Mwanamke aliyenifungulia mlango, mmoja wa wanaolitunza kanisa, alinipa tochi nitazame nyuma ya kinanda. Aliniambia kwamba kila kipande kinachovunjika ni tatizo, maana kalibu hazipo na fundi wa kufanya kipande kimoja ni ghali kuliko aliyefanya mia. Hapo ndipo nilipoiona gharama iliyofichika ya uvumbuzi wa Sharpe: unafuu wake ulikuwa katika wingi, na matengenezo hayana wingi.

Baada ya chakula cha mchana nilivuka mji kwenda kwenye kanisa la Roho Zote, lililochorwa na Paley na Austin na kukamilika mwaka 1881. Hapa nilipata jengo nililokuwa nikilifuata zaidi. Ndugu wawili wa ukoo wa Greenhalgh, wenye viwanda vya pamba, walitaka makanisa kwa ajili ya wafanyakazi, na walikuwa Waanglikana wa mrengo wa kiinjili, ambao kwao mahubiri ndiyo kiini cha ibada. Kila mtu alipaswa kumwona mhubiri na kumsikia. Makanisa ya Gothiki huwa na safu za nguzo pande mbili, na mtu anayekaa nyuma ya nguzo huona jiwe tu. Paley na Austin waliziondoa nguzo zote. Ukumbi una upana wa karibu mita 16 kutoka ukuta hadi ukuta, na paa la mbao linauvuka kwa mruko mmoja.

Kwa mtu asiyejenga, mita 16 ni namba tu. Lakini paa zito la mtindo ule husukuma kuta kwenda nje, na bila nguzo za ndani msukumo wote huishia kwenye kuta na mihimili iliyo nje yake. Ukizunguka nje utaona matofali yamekusanywa kwa unene mahali palepale nguvu inaposhukia, na kupunguzwa mahali isipo na kazi. Matofali ni ya kawaida, ya bei ya kawaida, na jiwe limetumika pale tu ambapo ukingo unahitaji ugumu. Hakuna kilichoongezwa kwa ajili ya kujionyesha. Nilikaa ngazini nikachora sehemu ya ukuta hadi penseli ikaisha ncha.

Kanisa lilifungwa miaka ya 1980, wakati wakazi wa mtaa walikuwa wamebadilika na wengi wao sasa ni Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, na kwa muda mrefu liliharibiwa na kuibiwa. Liko chini ya shirika la kutunza makanisa yasiyotumika, na Desemba 2014 lilifunguliwa upya kama kituo cha jamii. Ndani yake limesimamishwa jengo la kisasa lenye vyumba, lisiloegemea kuta za zamani. Nilikwenda nikiwa na shaka juu ya hilo, nilitoka nikikubali. Ukumbi ulioachwa bila nguzo ili maskini wamsikie mhubiri ndio uliotoa nafasi ya mkahawa, vyumba vya mikutano na mafunzo ya kompyuta. Meza iliyokuwa karibu nami ilikuwa na akina mama waliojitanda ushungi, wakinywa chai na kuzungumza Kigujarati.

Alhamisi, Stockport

Siku ya jengo moja. Kanisa la Mtakatifu George liko kwenye barabara ya Buxton, kusini mwa Stockport, na lilijengwa kati ya 1893 na 1897 kwa fedha za George Fearn, mwenye kiwanda cha bia. Kanisa lilipokamilika, ofisi ilikuwa na jina la Austin na Paley, na Paley huyu ni Harry, mtoto wa Edward, aliyekuwa mshirika tangu 1886. Baba yake alifariki mwaka 1895, kanisa likiwa bado linajengwa. Mchoro ni wa Austin.

Ncha ya mnara inafika mita 72 hivi, pungufu kidogo ya ile ya Lancaster, lakini mnara huu hausimami pembeni: umekaa katikati, juu ya makutano ya mikono ya msalaba, hivyo uzito wote unashuka kwenye nguzo nne kubwa zilizo mbele ya macho ya waumini. Huko juu, minara midogo ya pembeni inaishika ncha kwa matao membamba yaliyoruka hewani. Fearn alikuwa na fedha, na ni mara chache sana Austin alipata mteja asiyemhimiza apunguze. Kinachonishangaza ni kwamba, hata alipoachiwa, hakufanya fujo. Mapambo yamejikusanya katika sehemu chache, na kati yake kuna ukuta mtupu mpana, uliolazwa vizuri, unaolipa jicho nafasi ya kupumzika. Wasanifu wengi wa wakati wake, wakipewa fungu kama hilo, wangejaza kila shubiri.

Katika miaka hiyohiyo ofisi ilipewa kazi ya kujenga kanisa la Watakatifu Wote huko Hertford, karibu na London, na wakalijenga kwa jiwe jekundu la Runcorn, lililotoka kwao kaskazini magharibi. Katika mji wa kusini wa matofali na chokaa, jiwe hilo linaonekana mgeni. Wakosoaji wamelitaja hilo kama kasoro, nami nawaelewa. Ila naona pia kwamba linathibitisha ninachosema: watu hawa walifikiri kwa jiwe walilolijua, na walipotolewa katika nchi ya jiwe hilo, walilibeba.

Ijumaa, kuvuka ghuba: Holker, Dalton na Barrow

Reli kutoka Lancaster kwenda Barrow inafuata ukingo wa ghuba ya Morecambe, na karibu na Arnside inavuka mdomo wa mto Kent juu ya daraja refu la chini. Maji yalikuwa yamekupwa, na mchanga ulienea hadi upeo wa macho. Mtu wa pwani angejisikia nyumbani, isipokuwa kwa baridi.

Bila reli hii kazi nyingi za ofisi zisingekuwapo. Kampuni ya Reli ya Furness ilikuwa mteja wao wa miaka mingi. Kituo cha Grange-over-Sands, nilipobadilisha hewa kwa nusu saa, ni cha Paley, cha miaka ya 1860. Cha Ulverston, nitakapolala leo, ni cha Paley na Austin, cha miaka ya 1870. Mwenye nguvu katika kampuni hiyo, na katika bandari na viwanda vya chuma vya Barrow pia, alikuwa Duke wa saba wa Devonshire. Moto ulipoteketeza bawa la magharibi la nyumba yake ya Holker mwezi Machi 1871, aliwaita wasanifu waliokuwa wakimjengea vituo na makanisa. Hakumtuma mtu London.

Bawa walilolijenga upya ni la mawe mekundu ya mchanga, kubwa na la kifahari, kwa mtindo wa zama za Malkia Elizabeth wa kwanza. Nililipia kiingilio nikaingia na kundi la wazee. Ngazi kuu ya mwaloni ina zaidi ya vijiti mia moja vya kuchongwa vinavyoshika mkono wa ngazi, na kila kimoja kina umbo lake. Nikakumbuka Lever Bridge, ambako ua moja lilitolewa mara mia kwa kalibu moja. Ofisi ileile, kwa umbali wa miaka thelathini, iliijua njia ya mteja maskini na ya mteja tajiri, na haikuzichanganya.

Dalton-in-Furness ni mji mdogo juu ya kilima, katika nchi ya madini ya chuma ambayo udongo wake wenyewe ni mwekundu. Kanisa la Mtakatifu Maria, la miaka ya 1882 hadi 1885, liko karibu na mnara wa kale wa ngome, na katika makaburi yake amelazwa mchoraji George Romney. Austin alitumia jiwe jekundu la mtaa na akalichanganya na jiwe jeupe katika miraba ya kupishana, kama bao la drafti, sehemu za juu za kuta tu. Siku ya mawingu kama leo miraba hiyo ndiyo inayolitofautisha kanisa na mbingu. Naliweka kanisa hili juu ya Stockport, ingawa ni dogo na halikugharimu kiasi hicho. Limekaa juu ya mteremko kwa namna ambayo mtu anayepanda kutoka barabara kuu huliona kwanza mnara, kisha paa, kisha mlango, na hakuna hatua ambayo umbo linavunjika. Mtu hawezi kulichora hivyo bila kuupanda mteremko ule mara nyingi, na Austin alikuwa na treni ya kumleta.

Barrow nilifika jua likielekea kushuka. Mwaka 1851 ilikuwa kijiji kisichofika watu elfu moja. Mwaka 1881 ilikuwa na watu wapatao 47,000. Ofisi ilijenga karibu kila aina ya jengo ambalo mji unaokua kwa kasi hiyo unahitaji: makanisa, shule, kituo cha reli, na nyumba ya James Ramsden, meneja wa reli na meya wa kwanza. Mwaka 1877 na 1878 walijenga makanisa manne ya haraka kwa pamoja, yakapewa majina ya wainjilisti wanne. Mengi yametoweka: kituo kilipigwa mabomu mwaka 1941, na nyumba ya Ramsden ilibomolewa. Kanisa la Mtakatifu James, la 1867 hadi 1869, lingalipo, la matofali, juu ya mtaa wa nyumba za wafanyakazi. Nilikuta limefungwa.

Jumamosi, Finsthwaite

Basi kutoka Ulverston liliniacha Newby Bridge, na kutoka hapo ni kupanda kwa miguu kupitia msitu hadi kijiji chenye nyumba chache na malisho ya kondoo. Kanisa la Mtakatifu Petro la Finsthwaite lilijengwa mwaka 1873 na 1874. Mchoro wake ulipata tuzo katika shindano lililoitishwa na chama cha ujenzi wa makanisa cha jimbo la Carlisle, la kutafuta namna inayofaa ya makanisa ya milimani.

Jibu la Paley na Austin ni hili: mnara mfupi mpana katikati, wenye paa la piramidi, kuta nene za mawe ya rangi ya kijivu yanayotoka katika milima hiyohiyo, na jiwe la mchanga kwenye kingo za madirisha tu. Hakuna ncha, kwa sababu penye milima ncha hushindwa. Hakuna madirisha makubwa upande wa upepo. Paa linashuka chini kiasi kwamba mvua ya hapa, ambayo leo nimeionja ipasavyo, humwagika mbali na ukuta. Mwaka 1873 huohuo, kule Mkunazini, Unguja, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana lililojengwa kwa matumbawe, nalo pia lilitii nyenzo za mahali pake. Ndani ya Finsthwaite giza ni la makusudi, na mwanga unakuja pale penye madhabahu. Nilipima unene wa ukuta kwenye dirisha kwa mkono wangu: mkono wote hadi karibu na kiwiko haukutosha.

Austin alikuwa na miaka thelathini na michache alipolifanya jengo hili, miaka mitano hivi tangu alipotoka London. Katika ofisi ya Scott, kanisa la kijiji kama hiki lingekuwa kazi ya karani, likapewa mchoro uliokwisha kutumika kwingine. Hapa lilipewa fikra ileile iliyopewa Holker, iliyokuwa ikijengwa katika miaka hiyohiyo na kwa mikono hiyohiyo.

Jumapili, Liverpool

Nimehudhuria ibada ya asubuhi Mossley Hill, katika kanisa la Watakatifu Matayo na Yakobo, la 1870 hadi 1875. Mnara wa katikati ni mzito na mwekundu, na unaonekana kutoka mbali kusini mwa jiji. Mwezi Agosti 1940 lilipigwa bomu, na baada ya vita likakarabatiwa. Waumini hawakuwa wengi, lakini waliimba kwa nguvu, na sauti ilirudi chini kutoka juu ya mnara kwa kuchelewa kidogo, kiasi cha kuwafanya waimbe polepole. Mzee aliyeketi jirani nami, aliyekuwa mwashi kabla ya kustaafu, alinionyesha mahali jiwe la baada ya vita linapokutana na la zamani. Aliniita mwanangu, nami nikamwamkia kwa heshima ya baba.

Mchana nilikwenda katika kanisa kuu la Kianglikana la jiji. Shindano lake lilileta michoro 103, na ofisi tano zikachaguliwa kuingia katika raundi ya pili, Austin na Paley wakiwa mojawapo. Mwaka 1903 ushindi ulimwendea Giles Gilbert Scott, kijana wa miaka ishirini na miwili, mjukuu wa yule aliyemwajiri Austin London. Austin alikuwa na miaka zaidi ya sitini. Jengo la Scott ni kubwa mno na limenitikisa. Sitasema kwamba Austin alidhulumiwa. Lakini naona kwamba shindano lile lilihitaji kitu ambacho ofisi ya Castle Hill haikuwa imekifanya kamwe, yaani jengo lisilo na parokia, lisilo na mteremko wake wala mtaa wake, linalokusudiwa kuonekana kutoka baharini.

Baada ya matokeo walirudi Lancaster, wakaendelea na orodha iliyokuwa mezani. Kanisa la Mtakatifu Maria la Widnes, katikati ya viwanda vya kemikali kando ya mto Mersey, lilijengwa kati ya 1908 na 1910 kwa jiwe jekundu la Runcorn, ambayo iko ng'ambo tu ya mto. Austin aliendelea kufanya kazi hadi alipofariki mwaka 1915, na Harry Paley akaiendesha ofisi baada yake. Widnes ni mwendo mfupi kwa treni kutoka hapa, na kesho asubuhi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege wa Manchester, nitapita huko na kipimio changu.